Pampu ya petroli ya mekanika: nundu huvuta, springi husukuma

Fundi akisema gari lina pampu ya mekanika, ana maana ya pampu ya petroli isiyotumia umeme hata kidogo. Injini yenyewe ndiyo inayoiendesha. Tuchukue Suzuki SJ413, gari dogo la milimani ambalo wengi wanaliita Samurai, lenye injini ya G13A ya cc 1,324 na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Pampu yake imefungwa kwa boliti mbili ubavuni mwa silinda hedi, kichwa cha injini. Kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu za injini, kuna nundu inayosukuma kijiti kifupi cha chuma, na kijiti kinasukuma mkono wa pampu.

Wengi hudhani mkono ukisukumwa ndipo petroli inapokwenda kwenye kabureta. Sivyo. Mkono ukisukumwa unavuta chini daiframu, yaani utando unaonyumbulika ndani ya pampu, nao inanyonya petroli kutoka tangini. Nundu ikipita, springi iliyo chini ya daiframu ndiyo inayoirudisha juu na kupeleka petroli mbele. Kwa hiyo presha ya pampu hutokana na springi, na kwa magari ya kabureta kama hili ni kiasi cha psi 3 hadi 5 tu. Kabureta ikijaa, sindano ya floti (boya la ndani ya kabureta) inafunga, daiframu inabaki chini imezuiwa na petroli, na mkono unaendelea kucheza bila kazi. Kwa mizunguko 3,000 ya kranki (shafti kuu ya injini) kwa dakika kemshafti inazunguka mara 1,500, na mkono unapigwa mara hizohizo 1,500.

Ukishaelewa hilo, utajua kwa nini kuirudisha pampu kunawashinda watu. Nundu ikiwa imekisukuma kijiti nje, pampu haitaki kukaa: inasimama milimita kadhaa mbali na hedi, na mtu anaanza kuivuta kwa boliti. Hapo ndipo meno ya boliti kwenye aluminiamu ya hedi yanapong'oka, au sikio la pampu linapasuka, au kijiti kinapinda.

Toa waya wa hasi wa betri, subiri injini ipoe, ziba hozi ya kutoka tangini. Paka kijiti grisi kidogo ili kisidondoke, kiingize, kisha weka kidole kwenye ncha yake huku mwenzako akizungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya kranki. Utakisikia kikija nje polepole kisha kurudi. Simamisha pale kilipo ndani kabisa. Kama hamna nafasi ya spana, ingiza gia ya nne na msukume gari taratibu. Ni njia ya kienyeji lakini inafanya kazi. Na ukikuta kijiti kimetoka nje kabisa, mzunguko mmoja mzima wa kranki ni nusu mzunguko wa kemshafti, basi huo mmoja unatosha kuipeleka nundu upande wa pili.

Pampu sasa inapaswa kukaa kwa nguvu ya mkono, ikipingwa na springi kidogo tu. Kati yake na hedi kuna kipande kinene cha plastiki ngumu, na gasketi kila upande. Kipande hicho kinazuia joto la hedi lisichemshe petroli ndani ya pampu, na unene wake umepimwa. Fundi akikitupa na kupaka silikoni, pampu inasogea karibu na nundu na mkono unabanwa muda wote mpaka uvunjike. Akirundika gasketi tatu, mkono haufiki mwisho na gari litakata mafuta kwenye mlima mrefu, ingawa pale gereji linanguruma vizuri. Kijiti kilicholika nacho kinaleta shida hiyohiyo, hivyo kilinganishe urefu na kipya. Ingiza boliti zote mbili kwa vidole kwanza, kaza kwa zamu, mwisho Nm 20 hivi kwa spana ya kupimia nguvu. Hii ni aluminiamu, usionyeshe misuli.

Hozi ni tatu: inayotoka tangini kupitia filta, inayokwenda kwenye kabureta, na ya kurudisha petroli tangini. Ziweke alama kabla ya kuzitoa. Hozi ya upande wa tangi ikiwa na ufa huenda isidondoshe hata tone, kwa sababu pale pampu inanyonya: inaingiza hewa, na wewe unailaumu pampu mpya. Badilisha zilizokauka, tena kwa hozi ya petroli, si ya maji.

Kupima, chomoa hozi ya kabureta uielekeze kwenye chupa, chomoa waya mkubwa wa koili na uufunge kwenye bodi ili cheche isiruke, rudisha betri, piga stata sekunde 10. Mara ya kwanza pampu inanyonya hewa, kwa hiyo pumzisha stata na urudie. Petroli inapaswa kuja kwa mapigo yenye nguvu. Ikichuruzika tu, tazama filta na hozi kabla ya kufungua pampu tena.

Chini ya mwili wa pampu kuna kitundu kidogo. Petroli ikidondoka hapo, daiframu imetoboka. Ikidondoka oili, sili ya ndani imekwisha. Usikizibe. Ukikiziba, petroli itatafuta njia ya kuingia kwenye oili, na oili nyepesi inaua beringi za kranki. Kwa hiyo kabla ya kuliruhusu gari liondoke, chomoa dipstiki na uinuse: kama inanuka petroli au kiwango kimepanda bila kuongezewa, pampu ya zamani ilikuwa ikimwaga humo, na oili yote na filta yake vinatoka leo hiihii.