Ganzi ya mikono kwa wanabodaboda: anza na leva kabla ya dawa

Wanabodaboda wanaofika katika idara yetu ya tiba ya viungo hapa Malindi huleta malalamiko yanayofanana. Mkono unakufa ganzi, vidole vinachoma kama vinadungwa sindano, na usiku mtu anaamka kuukung'uta mkono ndipo apate kulala tena. Wengi wameshapita duka la dawa wakanunua vidonge vya maumivu, wengine wamekandwa kwa mafuta ya nazi. Wachache mno wameangalia leva ya klachi.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa na utando mgumu. Humo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva (mshipa wa fahamu) moja inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kikinyooka, vyote vinapata nafasi. Kikipinda, juu au chini, nafasi inabanwa na neva ndiyo inayoumia. Kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya cha pete vina neva yao, nayo haipiti humo. Hupita kwenye kitako cha kiganja.

Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa: ni vidole gani? Ganzi ikiwa upande wa gumba, tunashuku mkunjo wa kifundo. Ikiwa ni vidole viwili vya mwisho, mara nyingi mtu ameegemeza uzito wake kwenye usukani, au abiria wawili nyuma wanamsukuma juu ya tangi kila akishika breki. (Mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, ni kosa barabarani, lakini viganja navyo vinalipa.)

Sasa leva. Kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa kazini, tazama mbele, legeza mabega, kunja viwiko kidogo. Nyoosha vidole juu ya leva ya klachi, kisha ya breki. Mkono kutoka kiwiko hadi vidole uwe mstari mmoja. Leva nyingi tunazoziona zimeinuliwa juu mno, basi kila ukinyoosha vidole kifundo kinapinda kwenda juu, na mjini unashika klachi mara nyingi kupita kiasi. Fundi analegeza bolti za kishikilio cha leva, anaizungusha chini kidogo, anakaza. Akiwa hapo hapo atie oili kwenye waya wa klachi, maana hewa ya chumvi na vumbi letu huukausha, na klachi ngumu inachosha mkono hata leva ikiwa sawa. Baada ya hapo hakikisha klachi inashika na kuachia vizuri kabla ya kubeba mtu. Usukani uliopinda baada ya kuanguka nao unyooshwe au ubadilishwe.

Mkono wa kulia una shida yake. Ukishika kishikio cha mafuta huku pikipiki imesimama, ukifika mwendo wa safari kifundo kimeshuka na kubaki hivyo mpaka Mambrui. Ukishafika mwendo huo, legeza kiganja na ushike upya ili kifundo kinyooke.

Mtetemo ni jambo la pili. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inazunguka mara 100 kila sekunde, na mtetemo huo unaishia viganjani. Madhara ya mtetemo kwa mikono yanajulikana tangu zamani: mwaka 1918 Dk. Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana ambao vidole vyao viligeuka vyeupe wakati wa baridi kwa sababu ya nyundo zinazoendeshwa kwa upepo uliobanwa. Malindi hatuna baridi hiyo, kwa hiyo usisubiri weupe ndipo uamini. Kaza bolti za injini, rekebisha mnyororo, usiendeshe kwa gia ndogo huku injini inalia. Vile vyuma vizito vya ncha za usukani vinapunguza mtetemo, virudishe kama vilitoka. Barabara ya vumbi inataka mwendo wa chini, na tairi iliyojazwa upepo kupita kiasi inakuletea kila jiwe mkononi.

Mwavuli mkubwa wa pikipiki wakati wa kusi unavuta usukani, nawe unaubana bila kujua. Upepo ukizidi, uvue.

Glavu zinakinga ngozi ukianguka, zivae. Ila glavu nene mno inakulazimisha kubana zaidi. Kukandwa kunalegeza misuli, lakini hakufungui njia ya neva, na anayekuvuta kifundo kwa nguvu anaweza kukuongezea madhara. Vidonge vya maumivu vya kila siku vinaweza kuumiza tumbo na figo. Kinachosaidia usiku ni kulala kifundo kikiwa kimenyooka, kwa bandeji ngumu unayopimiwa hospitalini.

Njoo mapema ukiangusha chenji, ukishindwa kufunga vifungo vya shati, au nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kupungua. Njoo pia kama una kisukari, kwani hicho peke yake kinaweza kuleta ganzi. Mkono ukifa ganzi barabarani, simama kando kwanza, maana ndio unaoshika breki au klachi. Na ukija kliniki, njoo na pikipiki yako, ukiweza. Tutataka kukuona ukiwa umeikalia.