Mkorosho wa babu si mkorosho wako

Simu ya tatu wiki hii. "Bwana shamba, miche imekauka yote, na si mnasema mkorosho ni mti wa ukame?"

Mzee wangu, mti wa ukame ni ule wa babu yako, uliokwisha kuzamisha mizizi kwenye mchanga huu wa Newala. Huo kiangazi ndipo unapotoa maua. Mche wa miezi sita utavumilia kwa mzizi upi?

Nilikwenda, nikang'oa mmoja. Mzizi mkuu umejizungusha kama ngata ya kubebea ndoo. Ulikaa kitaluni mpaka ukagonga kitako cha kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea, ukapinda, na ukapandwa hivyo hivyo mwishoni mwa Machi, mvua zinaaga. Chukua mche mapema, kata kitako pamoja na mzizi uliopinda, vua nailoni yote, panda Desemba au Januari mvua zikishika. Shimo futi mbili, samadi iliyooza, hayo mnayajua.

Kinachoniudhi ni kikombe cha jioni. Kila siku mtu anapita na kikombe, analowesha vumbi, anarudi nyumbani roho nyeupe. Maji hayo yanaingia vidole viwili tu, jua la kesho linayanywa, na mizizi inabaki juu juu ikikungoja wewe na kikombe chako. Nenda msibani siku nne uone. Mimi namwaga ndoo nzima ya lita 20 mara moja kwa wiki, polepole, ndani ya kisahani nilichochimba kuzunguka shina. Kesho yake nafukua pembeni: kama unyevu haujafika kina cha kiwiko, sijamwagilia, nimenawisha. Mzizi hufuata unyevu chini. Utasema maji Newala ni ya kununua. Ndiyo, kwa hiyo panda miche thelathini unayoiweza, si mia ya kujisifia kijiweni.

Na palilia! Nyasi zina kiu kuliko mche. Ufuta nao usiusogeze mpaka shinani, acha mita moja wazi.

Matandazo yananipa shida. Kila kitini kinasema weka, nami nafundisha hivyo, lakini nimewahi kufunua nyasi nikakuta mchwa wamemenya gome mstari mzima. Siku hizi naacha nafasi ya shubiri moja kutoka shinani, na penye vichuguu siweki kabisa. Ukichanganya na moto wa Septemba, matandazo hayo ni kuni.

Lingine silisemi kwa sauti, maana nauza miche ya kubebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mkorosho mwingine ulio bora. Kwenye miinuko mikavu, mbegu iliyopandwa moja kwa moja shambani hushusha mzizi wima bila kujua kiriba ni nini, kisha mche wake unaubebesha hapohapo ukishakua. Shambani kwangu mistari miwili nimeipanda hivyo. Mteja akija, namwonyesha kitalu kwanza.