Ndovu wana kimbilio, hawana patakatifu

Mpwa wangu wa darasa la saba alinisomea insha yake ya ziara ya shule. Sentensi ya kwanza ilisema: "Tulitembelea patakatifu pa tembo huko Mwaluganje, Kwale." Nikamsimamisha hapo hapo. Neno hilo umelitoa wapi, mwanangu? "Mjomba, niliandika jina la Kiingereza kwenye simu, ikanigeuzia hivyo." Sikumlaumu. Neno hilo hilo nimeshalisoma kwenye matangazo ya safari na kwenye tovuti za Kiswahili, na siku moja nimelisikia kwa mtangazaji wa redio aliyekuwa na muda wa kutosha kulifikiria.

Linaloitwa hivyo ni kimbilio la wanyama: mahali mnyama aliye hatarini anapopata usalama, ama kwa kuachiwa ardhi asiwindwe wala kufukuzwa, ama kwa kulelewa mpaka aweze kujitegemea. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kazi iko kwenye neno.

Kwa Kiingereza neno moja, sanctuary, linabeba mambo mawili, na lina historia. Mzizi wake ni wa Kilatini, nao maana yake ni utakatifu. Kwanza lilikuwa jina la sehemu ya ndani ya kanisa, penye madhabahu. Ulaya ya zamani, mtu aliyekuwa akifukuzwa na sheria alikimbilia kanisani, na akishaingia, hakukamatwa kwa muda. Uingereza desturi hiyo ilidumu karne nyingi, ikafutwa kisheria mapema karne ya 17. Kwa hiyo neno la madhabahu likaanza kumaanisha pia usalama wa mtu aliyekimbia. Baadaye watu walipotenga mahali pa ndege na wanyama wasipigwe risasi, walichukua maana hiyo ya pili peke yake. Madhabahu yalibaki kanisani. Anayeandika "patakatifu pa ndovu" amechukua ile maana iliyoachwa na kuitupa ile iliyotumika.

Kiswahili hakikuwahi kuchanganya mambo hayo mawili. Patakatifu ni pa- ya mahali na -takatifu, ambayo ni jamaa ya kutakata na kutakasa, yaani kuwa safi, kusafisha. Kimbilio linatoka kwenye kukimbia, kisha kukimbilia. Sikiliza tofauti: neno la kwanza linaeleza hali ya mahali, la pili linaeleza miguu ya anayekuja. Msomaji wa Zaburi analijua kimbilio tangu utotoni na hajawahi kulichanganya na hekalu. Neno tunalo, la kwetu, na linatosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa hili limeangukia Kwale, kwa sababu Kwale ina patakatifu pa kweli. Nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, karibu na Diani. Kabla ya kuingia msituni unafungwa nguo nyeusi kiunoni, na mle ndani huvunji kijiti wala huokoti jani la kwenda nalo nyumbani. Unatembea nyuma ya mtu anayejua njia na anayejua panapofaa kunyamaza. Mwaka 2008 Kinondo na kaya nyingine za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini wazee walikuwa wakizitunza karne nyingi kabla ya orodha hiyo. Mtoto wa Kwale anapoambiwa Mwaluganje nako ni patakatifu, kaya inapunguzwa uzito, na Mwaluganje inapewa historia isiyo yake.

Na historia yake yenyewe ni nzuri, haihitaji ya kuazima. Ndovu wa Shimba Hills walikuwa wakipita mashambani kwenda msitu wa Mwaluganje, na palipopita kundi usiku, asubuhi hapakuwa na mahindi. Miaka ya 1990 familia za Wadigo na Waduruma zenye mashamba hapo katikati zilikubali kuyaacha yawe njia na malisho ya ndovu, na badala yake zikawa zinapata sehemu ya mapato ya wageni. Baadaye watu wakaanza hata kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha ndovu na kuiuza. Hakuna aliyeitakasa ardhi ile. Watu waliacha kulima, jambo zito kwa mkulima, ili mnyama apate pa kukimbilia.

(Mimi husema ndovu. Kwale ukimwambia mzee umeona tembo wengi, huenda akadhani umetoka mnazini, maana tembo pia ni pombe ya mnazi.)

Nilipokwenda mwisho, dereva alizima gari karibu na mbuyu. Jike mkubwa alikuwa akijikuna bega kwenye gome, taratibu, mara kushoto mara kulia, na vumbi likimdondokea mtoto aliyesimama chini ya tumbo lake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyempa chakula. Alipotosheka aliondoka bila kututazama. Huyo ni ndovu wa porini, ingawa mahali pana lango na tiketi.

Sasa linganisha na kimbilio la aina ya pili, lile la Nairobi ndani ya mbuga ya jiji, ambako ndovu yatima wanalelewa na shirika la Sheldrick lililoanzishwa mwaka 1977. Wageni huingia saa tano, na saa sita wanatoka. Watoto wa ndovu wanakuja mbio kwa mstari, masikio yamefunguka, kila mmoja akimwendea mlezi mwenye chupa. Wadogo kabisa wanafungwa blanketi mgongoni. Usiku mlezi hulala zizini pamoja nao, kwa kuwa mtoto wa ndovu hajui kulala peke yake. Hata maziwa yana kisa: mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakiwadhuru, na Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika hilo, alijaribu kwa miaka mingi mpaka akapata mchanganyiko uliowakubali, wenye mafuta ya nazi. Sisi watu wa pwani tungestahili kulijua hilo kuliko wote.

Hapo umeona ndovu, na umeona wema mkubwa, lakini hujaona ndovu porini. Bado wako mikononi mwa watu. Pori lao litakuja baadaye Tsavo, wakihamishiwa Voi au Ithumba, ama msitu wa Kibwezi, ambako huchukua miaka wakijifunza kufuata makundi ya huko. Wapo waliokwisha kujitegemea kabisa, kisha wakarudi siku moja kuwaonyesha walezi watoto waliowazaa porini.

Mbuga nayo ni neno jingine. Usukumani mbuga ni bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kulimwa mpunga. Kutoka kwenye uwanda wa namna hiyo likafika kwa wanyama. Watanzania siku hizi huandika hifadhi ya taifa, sisi Kenya tumebaki na mbuga, na sina ugomvi na yeyote. Mbuga hutaja ardhi, hifadhi hutaja utunzaji, na ndovu akiwa ndani ya yoyote kati ya hizo bado ni wa porini.

Mpwa wangu alifuta "patakatifu pa tembo" kwa raba mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika "kimbilio la ndovu". Kisha akauliza kama ile sentensi yake ya mwisho, kwamba waliona ndovu wa porini, aifute pia. Nikamwambia aiache. Alikuwa Mwaluganje.