Wami'kmaq hawakuuza ardhi yao

Imezoeleka kusikia kwamba wenyeji wa mashariki mwa Kanada waliuza ardhi yao kwa Waingereza kwa mikataba, mambo yakaishia hapo. Kwa Wami'kmaq wa Nova Scotia na maeneo jirani, sivyo. Mikataba yao ya kati ya 1725 na 1779 ilikuwa ya amani na urafiki, haikutoa ardhi.

Wala si makaratasi ya makumbusho. Agosti 1993, Donald Marshall Jr., Mmi'kmaq, alivua ratili 463 za mikunga, akaziuza kwa dola 787.10. Akashtakiwa kwa kuvua bila leseni, tena msimu ukiwa umefungwa. Utetezi ukafukua mkataba wa 1760, ambamo Wami'kmaq waliahidi kuuza bidhaa zao kwenye maduka ya Waingereza pekee. Sasa utauza nini kama huruhusiwi kuvua? Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ikamwachia.

Haki hiyo ina mpaka: riziki ya wastani, chini ya udhibiti wa serikali. Wastani ni kiasi gani, bado wanabishana. Oktoba 2020, katika mvutano huohuo, ghala lililohifadhi kambakoche wa wavuvi Wami'kmaq liliteketezwa kwa moto.