Pesimeka isiyo na waya kwa wazee: hatari iko wapi?

Inatofautianaje na ile ya kawaida?
Pesimeka ni kifaa kinachousukuma moyo upige kwa umeme mdogo. Ile ya kawaida huwa na betri chini ya ngozi ya kifua na waya unaofika moyoni. Hii haina waya: yote ni kama kidonge kikubwa. Aina moja iitwayo Micra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ina urefu wa milimita 26 hivi na uzito wa gramu 2. Hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa kinena hadi chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia.

Basi mzee yuko salama zaidi?
Kwa kiasi. Hakuna kidonda cha kifuani cha kutunga usaha, wala waya wa kukatika. Ila hatari haikutoweka, imehamia kinenani na kwenye ukuta wa moyo.

Ukuta wa moyo hupatwa na nini?
Micra hung'ang'ania nyama ya moyo kwa vijindoano vinne. Ukuta ukiwa mwembamba huweza kutoboka. Damu huvujia ndani ya utando unaoufunika moyo na kuubana, ushindwe kujaa. Si jambo la kila siku: katika utafiti wa wagonjwa 725, liliwapata kama 11. Lakini bibi wa miaka 86, mwembamba, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, hatari yake si sawa na ya wengine. Ndiyo maana daktari hulenga ukuta wa katikati, ulio mnene, na hupiga rangi kwenye eksirei kuhakikisha alipo kabla ya kuachia kifaa.

Na kinenani?
Mrija wa kuingizia ni mnene, karibu milimita 9. Wazee wengi hutumia dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo damu huweza kuvuja taratibu chini ya ngozi. Wengi hawasemi, huona aibu. Muuguzi afunue shuka, atazame uvimbe.

Dalili zipi hazisubiri?
Presha kushuka, jasho jembamba, kukosa pumzi, maumivu ya kifua au kuzirai, hasa siku za mwanzo. Kizunguzungu cha kabla ya kuwekewa kifaa kikirudi baadaye, kifaa kipimwe: huenda kimesogea, au umeme wake hautoshi tena kuusukuma moyo.

Betri ikiisha?
Ya Micra ya kwanza ilikadiriwa kudumu miaka 12 hivi. Kwa kuwa nyama huwa imekifunika, mara nyingi kifaa huzimwa na kuachwa humohumo, kingine kikawekwa kando yake. Mwenye miaka 88 huenda asifike huko. Wa miaka 70 aulize mapema.