Laulupidu: tamasha la kwaya la Waestonia

Laulupidu ni tamasha la kwaya linalofanyika Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kila baada ya miaka 5 hivi. Waimbaji wake hawalipwi: ni wanafunzi, walimu, wakulima, wastaafu. Nchi ina watu milioni 1.3 tu, lakini kwaya zikiunganishwa kwa wimbo mmoja, sauti huzidi 20,000.

Wingi huo unaandaliwa. Nyimbo huchaguliwa mapema, kila kwaya hujifunza kwao na mwalimu wake, kisha husikilizwa na kupimwa kabla ya kukubaliwa. Siku ikifika huandamana kwa miguu kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa Lauluväljak, wakiwa na mavazi ya jadi. Mistari ya sketi ya mwanamke huonyesha parokia ya asili yake.

Tamasha la kwanza lilikuwa Tartu mwaka 1869, chini ya utawala wa Urusi, likiongozwa na mhariri wa gazeti Johann Voldemar Jannsen. Waliimba wanaume peke yao, pamoja na bendi za matarumbeta.

Uzito wake, kwa maoni yangu, unaonekana zaidi wakati Estonia ilipokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti. Tamasha halikufutwa, ila kwaya zililazimika kuimba sifa za Stalin. Gustav Ernesaks alikuwa ametunga muziki kwa shairi la Lydia Koidula, binti wa Jannsen, linaloipenda nchi waziwazi: “Mu isamaa on minu arm”, yaani “Nchi yangu ni upendo wangu”. Liliimbwa 1947, kisha likaondolewa kwenye ratiba. Mwaka 1960, tamasha likielekea ukingoni, kwaya zikauanzisha wimbo huo bila ruhusa, na Ernesaks mwenyewe akapanda kuwaongoza. Watu hawa hawakuwa na silaha wala bunge lao. Walikuwa na wimbo ambao wote waliujua kwa moyo.

Ndiyo sababu mwaka 1988, walipotaka uhuru wao, walikusanyika uwanja uleule kuimba. Septemba walifika watu wapatao 300,000. Harakati hizo huitwa Mapinduzi ya Kuimba, na uhuru ulirejea Agosti 1991.

Leo UNESCO inautambua utamaduni huu kwa Estonia, Latvia na Lithuania kwa pamoja. Watazamaji hukaa kwenye mteremko wa nyasi, nao huimba. Wimbo wa Koidula na Ernesaks ndio hufunga tamasha, na waongozaji huvishwa mashada ya majani ya mwaloni na kurushwa juu na waimbaji wao.