Lucy Gichuhi: katiba yetu ya zamani ilivyomlindia kiti cha Seneti ya Australia

Wateja wangu wengi ni Wakenya walioishi ng'ambo miaka mingi na sasa wanataka kurudishiwa uraia wao. Juzi mama mmoja aliniwekea mezani pasipoti yake ya zamani, jalada limefifia, kona imekatwa. Alisema siku alipoapa kule ugenini hakujua kwamba kiapo kile kinamvua Ukenya. Kila ninapowasikiliza watu kama yeye humkumbuka Lucy Gichuhi, maana sheria hiyohiyo ndiyo iliyomnusuru.

Gichuhi alizaliwa mwaka 1962 kijijini Hiriga, Nyeri. Mwaka 1999 alihamia Australia na mumewe na binti zao watatu. Alikuwa mhasibu, na huko akarudi darasani kusomea sheria. Mwaka 2016 aligombea Seneti katika jimbo la Australia Kusini kwa tiketi ya Family First, chama kidogo cha kihafidhina. Jina lake lilikuwa la pili, nyuma ya Bob Day.

Ili kuelewa kilichofuata, ijue kwanza karatasi ya kura ya Seneti. Ni pana ajabu, pengine hukaribia mita moja, na ina mstari mnene unaoigawa. Juu ya mstari kuna visanduku vya vyama, chini yake majina ya wagombea. Wapiga kura wengi huweka namba zao juu tu, wakaenda zao nyumbani. Ndiyo maana kura zilizowekwa mbele ya jina la Gichuhi mwenyewe hazikufika hata mia mbili. Lakini kura ya juu ni ya orodha nzima: wa kwanza akiondolewa, inamshukia anayefuata.

Na Day aliondolewa. Alijiuzulu Novemba 2016, kisha tarehe 5 Aprili 2017 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba hakuwa amechaguliwa kihalali. Alikuwa na maslahi ya kifedha katika jengo ambalo serikali ilipangishwa liwe ofisi yake, jambo linalokatazwa na kifungu cha 44 cha katiba. Kura zikahesabiwa upya, na tarehe 19 Aprili Gichuhi akatangazwa seneta, Mwafrika mweusi wa kwanza katika Bunge la Australia.

Kifungu hichohicho kilitaka kumgeukia. Kinamzuia pia raia wa nchi nyingine kuchaguliwa, na chama cha Labor kikauliza kama bado alikuwa Mkenya. Jibu lilikuwa katika kifungu cha 97 cha katiba yetu ya zamani: mtu mzima aliyechukua uraia mwingine kwa hiari yake alipoteza uraia wa Kenya papo hapo. Gichuhi aliupata uraia wa Australia mwaka 2001. Katiba ya 2010 iliporuhusu uraia pacha, haikumrudishia mtu chochote bila kuomba. Ibara ya 14 inataka maombi. Kiti chake kikabaki.

Oktoba mwaka huohuo naibu waziri mkuu, Barnaby Joyce, mzaliwa wa Australia, alipoteza kiti kwa sababu baba yake alizaliwa New Zealand na hivyo yeye alirithi uraia wa huko bila kuuomba. Mhamiaji kutoka Nyeri alikuwa safi kisheria kuliko mwenyeji! Wanafunzi ninaowasimulia kisa hiki huniomba nirudie.

Siasa zenyewe hazikumfaa sana. Family First ilipomezwa na chama kipya cha Australian Conservatives, alikataa kufuata, akakaa kama seneta huru. Februari 2018 akajiunga na chama cha Liberal. Baadaye akabainika kulipia jamaa zake nauli ya ndege kwa fedha za umma waje kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, akazirudisha. Chama kikampa nafasi ya nne kwenye orodha ya uchaguzi wa 2019, nafasi isiyopata kiti. Muhula wake ukaisha tarehe 30 Juni 2019. Mimi naona hapo ndipo mhamiaji asiye na mizizi chamani hukwama: orodha hupangwa na wanachama wakongwe, na yeye alikuwa amekaa nao miezi michache tu.

Yule mama wa juzi tumeshamjazia fomu. Ila kijana wake anaishi Adelaide, Australia, na ana ndoto ya ubunge huko. Yeye nimemwambia asiombe kurudishiwa Ukenya.